Kutabiri nguvu ya mawimbi kabla simu haijahama mnara: njia ipi inafaa wapi

Treni ya umeme ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, imesanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, yaani takribani mita 44 kila sekunde. Abiria anayeongea na simu behewani anahamishwa kutoka seli moja ya mtandao, yaani eneo linalohudumiwa na antena ya mnara, kwenda nyingine mara nyingi njiani, na kila uhamisho lazima ukamilike ndani ya kipande kifupi cha reli ambamo minara miwili inasikika kwa pamoja. Ukikamilika kwa wakati, hasikii chochote. Ukichelewa, sauti inakuwa ya chenga, halafu kimya, halafu "haloo, haloo, unanisikia?"

Swali ambalo wahandisi wa mitandao wamelishughulikia kwa miaka mingi ni hili: kwa nini tusubiri mawimbi yadhoofike ndipo tuihamishe simu? Kwa nini tusitabiri yatakavyokuwa nusu sekunde ijayo na kuanza maandalizi mapema? Majibu yako mengi. Kuna mstari wa kawaida wa hesabu, kuna kichujio cha Kalman, kuna ramani ya mawimbi, kuna mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kutokana na data. Tangu mwaka 2020 kuna pia makabidhiano yenye masharti (makabidhiano ndiyo huku kuhamishwa kwa simu), ambayo hayatabiri lolote lakini yanashindania kazi ileile.

Ninamwandikia anayetakiwa kuchagua: mhandisi wa redio mwenye bajeti finyu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayetafuta mradi, au msimamizi wa Wi-Fi ya hospitali au hoteli. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Angalia kwanza mtumiaji wako anatembeaje, ndipo uchague hesabu. Penye njia isiyobadilika, kama reli, ramani inashinda karibu kila kitu. Penye njia huria, kichujio chepesi mara nyingi kinatosha. Mtandao wa neva una mahali pake, ila ni padogo kuliko wengi wanavyodhani.

Bila utabiri wowote

Katika 4G simu hupima nguvu ya mawimbi ya kila seli inayoisikia. Kipimo kinachotumika zaidi ni RSRP, nacho huandikwa kwa dBm, ambapo namba iliyo karibu na sifuri ni mawimbi yenye nguvu zaidi: −75 ni mawimbi mazuri sana, −100 ni ya wastani kuelekea hafifu, −120 umefika ukingoni. Seli jirani ikiizidi seli inayokuhudumia kwa desibeli (dB) kadhaa, tuseme 3, na hali hiyo ikadumu kwa muda uliopangwa, simu hutuma ripoti. Mtandao ukiipokea huiandaa seli mpya, kisha huiamuru simu ihame. Kwenye viwango vya 3GPP, muungano unaoandaa viwango vya mitandao ya simu duniani, kanuni hii inaitwa tukio A3, na ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya mitandao hadi leo.

Zile desibeli za ziada na ule muda wa kusubiri ni breki, na zimewekwa kwa sababu. Mawimbi yanagonga kuta, mabati na magari, yanafika kwenye simu kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, na yakikutana huongezana au hufutana. Kwenye masafa ya 1800 MHz urefu wa wimbi ni kama sentimita 17, kwa hiyo kusogeza simu sentimita chache tu kunaweza kukutoa penye kilele hadi penye shimo. Bila breki, simu ingerukaruka kati ya minara miwili bila kutulia. Kwa sababu hiyohiyo kuna kichujio kinacholainisha vipimo: kipimo kipya kinachanganywa na thamani ya zamani, na kwa mpangilio wa kawaida ni nusu kwa nusu.

Breki hizi zinagharimu muda. Tuone kwa namba. Chukua behewa linalotoka nyuma ya kilima, na simu inapima kila milisekunde 200. Seli inayohudumia iko −95 dBm na inashuka dB 2 kila kipimo. Seli jirani iko −105 na inapanda dB 2 kila kipimo. Tofauti yao, ukitoa ya kwanza kutoka ya pili, inakwenda −10, −6, −2, +2, +6, +10.

Kwa uhalisia jirani anazidi kwa dB 3 kwenye sekunde 0.65. Lakini kichujio cha nusu kwa nusu, ikiwa mteremko ulikwisha kuanza kabla, kinabaki nyuma kwa kipimo kimoja kizima. Kwa hiyo simu inaliona sharti limetimia kwenye sekunde 1.0. Ongeza muda wa kusubiri wa milisekunde 320: ripoti inaondoka sekunde 1.32. Wakati huo jirani ameshazidi kwa dB 16 na kidogo. Kama seli zote mbili zinatumia masafa yaleyale na jirani ana shughuli nyingi, seli ya zamani imemezwa. Uwiano wake dhidi ya mwingilio, yaani mawimbi ya jirani yanayoifunika, ni kama −16 dB, ilhali simu huanza kupoteza amri za mtandao kwenye −8 hivi, na hiyo −8 ilipitwa tangu sekunde 0.9. Amri ya kuhama itatumwa lakini simu haitaisikia.

Kabla ya kukimbilia utabiri, mtu mwenye busara atalegeza breki kwanza. Viwango vinaruhusu muda wa kusubiri kuanzia 0 hadi milisekunde 5120, na 4G ina hata utaratibu wa kuufupisha kwa simu zinazokwenda kasi. Ondoa kichujio kabisa na weka milisekunde 80: sharti linaonekana sekunde 0.8, ripoti inatoka 0.88, na maandalizi ya kama milisekunde 50 kati ya minara yanaifikisha amri kwenye 0.93. Mstari wa 0.9 umeshapitwa. Umekaribia, lakini simu bado imekatika. Tena gharama hiyo wanailipa wote walio chini ya seli ile: mama aliyeketi kibandani kando ya reli, asiyekwenda popote, simu yake inaanza kurukaruka kati ya minara miwili na kumaliza chaji.

Hapo ndipo utabiri unapopata kazi.

Mstari ulionyooka, kisha Kalman

Njia rahisi kuliko zote: chukua vipimo vichache vya mwisho, chora mstari unaopita katikati yao, uurefushe mbele. Katika mfano wetu, kwenye sekunde 0.6 simu inaona tofauti iliyochujwa ya −2, na inaona inapanda dB 4 kila kipimo. Vipimo viwili mbele ni +6. Sharti limetimia kwa utabiri. Ongeza kusubiri kwa milisekunde 80 na maandalizi ya 50, amri inatoka sekunde 0.73, jirani akiwa amezidi kwa chini ya dB 5. Simu inaisikia na inahama. Faida yote imetoka kwenye kutoa, kuzidisha na kujumlisha ambako hata simu ya zamani inakumudu.

Ubaya wa mstari ni kwamba unaamini kila unachokiona. Kipimo kimoja kikiruka dB 3 kwa bahati mbaya, mstari unainama nacho, na ukiurefusha kosa linakua. Kichujio cha Kalman, kilichopewa jina la Rudolf Kalman aliyekichapisha mwaka 1960, kinatibu hilo. Chenyewe kinafuatilia vitu viwili kwa pamoja, nguvu ya mawimbi na kasi ya mabadiliko yake, na kila kipimo kipya kinapofika kinapima kwanza kiasi cha kukiamini. Unakipa namba mbili tu za kuanzia: vipimo vyako vina kelele kiasi gani, na mteremko unaweza kubadilika haraka kiasi gani. Kinakurudishia utabiri pamoja na kiwango cha mashaka yake. Hilo la pili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu unaweza kupanga kanuni kama hii: usihame mpaka uwezekano wa jirani kuzidi uwe asilimia 90. Kwa njia hiyo breki inakaza penye kelele na kulegea penye mwelekeo ulio wazi, bila mtu kugusa vigezo.

Kuna mpaka mmoja ambao hakuna kichujio kinachouvuka, nao ndio unaoamua sehemu kubwa ya chaguo lako. Kivuli cha mawimbi, yaani kupungua kwa nguvu kunakosababishwa na majengo, vilima na miti, kinafanana kati ya sehemu zilizo karibu na kinasahaulika kadiri unavyosogea. Mtafiti Gudmundson alitoa mwaka 1991 mfano rahisi wa jambo hili: ufanano unashuka kwa haraka mwanzoni, kisha polepole, kufuatana na umbali. Katika mifano ya 3GPP kwa minara mikubwa ya mjini, umbali wa kusahau ni mita 37 mnara ukionekana na mita 50 usipoonekana. Mashambani, mnara usipoonekana, unafika mita 120.

Geuza umbali huo kuwa muda. Mtembea kwa miguu anakwenda kama mita 1.4 kwa sekunde, hivyo mita 50 ni zaidi ya nusu dakika. Historia ya vipimo vyake inajua mengi kuhusu sekunde zinazofuata. Kwa treni ya mita 44 kwa sekunde, mita 50 ni sekunde moja na kidogo, na hata zile 120 za porini hazifiki sekunde tatu. Mbele ya hapo, historia haina la kukuambia, iwe umeisoma kwa mstari, kwa Kalman au kwa kompyuta yenye bei ya nyumba.

Na kona ni tatizo la namna yake. Bodaboda inayokata kutoka barabara pana kuingia uchochoro wa Kariakoo inaweza kupoteza dB 20 ndani ya makumi machache ya mita, na mteremko wa kabla ya kona haukuwa na dalili yoyote.

Ramani ya mawimbi

Dereva wa basi aliyezoea njia anapunguza mwendo kabla kona haijaonekana. Ramani ya mawimbi inafanya hivyohivyo. Unapita njia mara kadhaa ukirekodi kila seli inasikikaje kila baada ya mita 10, unachukua wastani, unahifadhi. Ule mchezo wa sentimita chache haujirudii, na wastani unaufuta. Kivuli kinajirudia, kwa sababu kilima cha jana ndicho cha leo.

Kwa reli, sioni mshindani. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni takribani kilomita 450, hivyo hatua za mita 10 ni nukta 45,000. Ukihifadhi seli sita kwa kila nukta, una namba 270,000, data ndogo kuliko picha moja ya simu. Ramani inajua kwamba mahandaki ya upande wa Kilosa yanakuja hata kama mawimbi yako safi kabisa kwa sasa. Kalman hawezi kujua hilo hadi treni imeshaingia.

Lakini lazima ujue uko wapi kwenye ramani. Simu yenye GPS inajua, isipokuwa handakini. Mtandao wenyewe, bila GPS, unajua umbali wa simu kutoka mnarani kwa kupima muda wa mawimbi kusafiri, na hatua moja ya kipimo hicho katika 4G ni kama mita 78. Kwenye GSM, yaani 2G, ni mita 550 hivi, haifai kwa kazi hii. Mita 78 mjini hazikuambii mtu yuko mtaa gani, lakini relini kuna mbele na nyuma tu, na mpangilio wa seli alizokwisha zipita unamaliza utata. Changanya umbali huo na kasi ya treni na utapata nafasi inayotosha.

Jambo la kuzingatia sana unapoijenga: hifadhi tofauti kati ya seli, usitegemee namba tupu. Viwango vinaruhusu RSRP ya simu kukosea hadi dB 6 juu au chini katika hali ya kawaida, kwa hiyo simu mbili zilizolala meza moja zinaweza kusoma −92 na −98 na zote zikawa halali. Behewa la chuma na vioo vyake navyo vinapunguza nguvu. Lakini makosa haya yanazigusa seli zote kwa pamoja, na ukitoa moja kutoka nyingine mengi yanafutika. Kinachohitajika kwa uamuzi ni seli ipi itakuwa juu na lini, na hilo tofauti inakupa.

Ramani inaharibika pale dunia inapobadilika na yenyewe ikabaki vilevile. Mnara umezimika kwa kukosa umeme. Fundi amebadilisha mwinamo wa antena. Mnara mpya umewashwa. Jengo limeota. Mvua haina tatizo kubwa kwenye masafa ya chini ya 6 GHz, majani ya miti yana tatizo zaidi. Kwa hiyo ramani isiyo na njia ya kujisahihisha kila siku kutokana na ripoti za simu zenyewe usiinunue. Tangu toleo la 10 la viwango vya 3GPP upo utaratibu wa mtandao kukusanya vipimo pamoja na mahali kutoka simu za wateja walioridhia, na huo ndio unaofaa kuilisha, pamoja na kanuni moja ya lazima: seli isiyosikika kabisa ihesabiwe imekufa, hata kama ramani inasema iko hai.

Mtandao wa neva

Mwaka 1997 Sepp Hochreiter na Jürgen Schmidhuber walichapisha LSTM, mtandao wa neva wenye kumbukumbu ambao hadi leo ndio chaguo la kwanza la wanafunzi wengi wanaotaka kutabiri mfululizo wa vipimo. Una nguvu halisi. Unaweza kulishwa RSRP za seli nane, ubora wa mawimbi, kasi, saa ya siku na namba za miale ya antena (mawimbi yaliyoelekezwa upande mmoja) kwa pamoja, ukapata uhusiano ambao hakuna aliyeuandika kwa mkono. Kwenye masafa ya milimita, kama 28 GHz, ambako mwili wa mtu mmoja akikatiza mbele unaweza kuondoa dB 20 na zaidi, na ambako simu inabadilisha miale ndani ya mnara uleule, kanuni za mkono zinachoka haraka. Huko ningechagua neva bila kusita, mradi data ipo.

Nje ya huko, nataka uone kwanza ushahidi, na ushahidi mwingi unaharibika kwa makosa mawili.

La kwanza ni kutokuwa na kipimo cha chini cha kujilinganisha. Utabiri wa kijinga kabisa husema: thamani ya milisekunde 200 zijazo ni ileile ya sasa. Kwa masafa mafupi ya muda utabiri huo ni mgumu kuushinda, maana mawimbi yaliyolainishwa hayabadiliki sana ndani ya muda huo. Mradi ukitangaza kosa la wastani la dB 1.5 bila kusema utabiri wa kijinga ulipata ngapi, haujasema kitu.

La pili ni la hatari zaidi kwa sababu halionekani. Mtu anachukua rekodi ya safari nzima, anachanganya vipimo kama karata, asilimia 80 vinakwenda kufundisha na 20 kujaribu. Lakini kipimo cha sekunde 10.2 ni karibu pacha wa kipimo cha sekunde 10.0. Vikigawanywa hivyo, mtihani una majibu yaliyokwisha kuonekana darasani, na matokeo yanapendeza mno. Gawa kwa safari: baadhi ya siku za kufundisha, siku nyingine kabisa za kujaribu, na kama unadai njia yako inafanya kazi popote, jaribu kwenye barabara ambayo mtandao wa neva haujawahi kuiona. Mara nyingi hapo ndipo inapogundulika kwamba LSTM ilikuwa imekariri njia, yaani imejenga ramani kwa gharama kubwa. Kama ni ramani unayotaka, ipo rahisi kuliko hiyo, na ikikosea unaweza kuifungua ukaona imekosea wapi.

Kuna pia suala la wapi hesabu itafanyika. Kwa kawaida simu huripoti majirani pale tu sharti linapotimia. Mtandao wa neva ulioko mnarani unataka vipimo mfululizo, na kila ripoti inakula nafasi ya kupandisha data. Ukiuweka ndani ya simu, unahitaji ushirikiano wa watengenezaji wa chipu. 3GPP ililichunguza jambo hili rasmi katika toleo la 19, kwa hiyo mambo yanasogea, lakini anayechagua leo kwa mtandao wa leo asihesabu kitu ambacho bado hakijafika kwenye simu na minara yake.

Mshindani asiyetabiri

Turudi kwenye mfano wa behewa. Kilichoua simu ni kwamba amri ilitumwa kupitia seli ambayo imeshamezwa. Makabidhiano yenye masharti, yaliyoingia kwenye toleo la 16 la viwango vya 3GPP mwaka 2020, yanaiondoa shida hiyo kwenye mzizi. Mtandao unaandaa seli kadhaa mapema, wakati mawimbi bado mazuri, na kuikabidhi simu maelekezo yote pamoja na sharti: jirani fulani akizidi kwa kiasi hiki, hama mwenyewe. Sharti likitimia simu haiombi ruhusa wala haisubiri amri. Hata seli ya zamani ikiwa imezama kabisa, hakuna kinachohitajika kutoka kwake tena.

Gharama ni nafasi iliyotengwa. Simu inaweza kupewa hadi seli nane za kusubiri, na kila moja imetunza nafasi kwa mgeni ambaye pengine hatafika. Treni yenye mamia ya abiria wanaofika pamoja inaweza kuzijaza seli za mbele kwa nafasi hewa. Tena lazima mtandao na simu vyote viwe vya kizazi hicho, na simu nyingi zilizo mikononi mwa watu ni za kabla yake.

Muungano ninaoupenda ni huu: utabiri uchague seli mbili za kuandaa, masharti yaamue muda wa kuhama. Utabiri wa kutaja seli unavumilia makosa ya dB kadhaa, wakati utabiri wa kutaja sekunde hauvumilii. Unapata uimara wa njia moja bila kulipa nafasi zote nane.

| | Inahitaji nini | Inaona mbele kiasi gani | Inashindwa wapi |
|---|---|---|---|
| A3 yenye vigezo vizuri | vipimo vya kawaida | haioni | mwendo kasi, kona |
| Mstari | vipimo vichache vya mwisho | chini ya nusu sekunde | kelele |
| Kalman | namba mbili za kuanzia | hadi umbali wa kivuli kusahaulika | kona, handaki |
| Ramani | safari za kurekodi, mahali ulipo, usahihisho wa kila siku | kilomita nzima | mnara ukizimika, njia mpya |
| Neva | data nyingi, kompyuta, ripoti mfululizo | inategemea ilichofundishwa | mahali pageni |
| Masharti | simu na mtandao wa toleo la 16 | haioni, lakini imejiandaa | nafasi zikijaa |

Kwa mahali ulipo

Relini nimekwisha sema: ramani, na masharti juu yake pale simu zinapoyaelewa. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu na reli kwa tabia, ila foleni hubadilisha mwendo, kwa hiyo ramani isomwe kwa mahali, kamwe isisomwe kwa saa.

Katikati ya mji, weka Kalman. Watu wanageuka wanavyotaka, mwendo ni mdogo, na historia ya sekunde chache inabeba habari nyingi. Kona zitakushinda mara mojamoja, nazo unaziponya kwa kuruhusu seli zenye kona maarufu ziwe na muda mfupi wa kusubiri.

Feri ya Dar es Salaam kwenda Unguja ni kisa cha kipekee, na ninakitaja kwa sababu wengi wangekimbilia utabiri hapo. Boti ya kasi ya kama kilomita 55 kwa saa inakwenda mita 15 kwa sekunde juu ya maji wazi. Hakuna majengo, kivuli ni kidogo, mabadiliko ni ya polepole. A3 ya kawaida ina muda wa kutosha kabisa. Kinachokata simu baharini mara nyingi ni orodha ya majirani: juu ya maji mawimbi yanafika mbali kuliko ilivyopangwa, simu inasikia mnara wa ng'ambo ambao mnara wa sasa haujawahi kuandikiwa kuwa ni jirani yake, na makabidhiano hayawezi kufanyika kwa seli isiyojulikana. GSM ina ukuta mwingine hapo: mpangilio wake wa kawaida unaishia kilomita 35 kutoka mnarani hata mawimbi yakiwa mazuri. Utabiri hautibu lolote kati ya haya. Safisha orodha za majirani kwanza.

Kwa Wi-Fi ya hoteli au hospitali, kumbuka kwamba anayeamua kuhama ni kifaa cha mteja. Apple wameeleza kwamba iPhone huanza kutafuta pengine mawimbi yakishuka chini ya −70 dBm, na ikiwa inatuma data huhamia sehemu iliyo bora kwa angalau dB 8. Utabiri wako ukikaa kwenye kifaa cha ukutani kinachorusha Wi-Fi unaweza kushauri tu, kupitia 802.11v, moja ya nyongeza za viwango vya Wi-Fi, na simu ina haki ya kukataa. Pesa ya utabiri hapo itumie kupanga vifaa ili maeneo yao yaingiliane kwa nguvu inayolingana na hiyo −70, washa 802.11k ili simu ipewe orodha ya majirani, na 802.11r ili uthibitisho wa nywila usirudiwe upya kila mlango.

Kabla hujalipia

Yeyote anayekuuzia utabiri atakuonyesha kosa la wastani kwa desibeli. Mwombe vitu vingine: simu ngapi zilikatika wakati wa kuhama, ngapi zilirudi kwenye mnara wa zamani ndani ya sekunde chache, na sauti ilinyamaza kwa muda gani, vyote vikilinganishwa na A3 iliyopangwa vizuri na kupimwa kwenye njia ileile. Njia inayokosea kwa dB 4 lakini inataja jirani sahihi kila mara ni bora kuliko inayokosea kwa dB 2 na kuchanganya majirani wawili pale wanapokaribiana.

Mwanafunzi asiye na vifaa vya kupimia anaweza kuanza na simu ya Android, maana programu zinaweza kusoma RSRP ya seli inayohudumia na ya baadhi ya majirani. Lakini kwenye simu nyingi vipimo hivyo vinafika kila baada ya sekunde moja au zaidi, havifiki kila milisekunde 200. Vinatosha kujenga ramani, na vinatosha kwa utafiti wa watembea kwa miguu. Havitoshi kuonyesha kinachotokea kati ya sekunde 0.6 na 0.9 ndani ya treni. Kwa hilo omba kumbukumbu za chipu yenyewe kwa vifaa vya upimaji wa barabarani, ambavyo chuo kinaweza kuviazima kwa kampuni ya simu, na zirekodi pande zote mbili, kwenda na kurudi, kwa sababu seli inayokuhudumia unapokwenda Morogoro haiachwi mahali palepale unaporudi.